Dirisha la Nne

Mkuyuni,
14 Novemba 2024

Kwa Fundi Stefano,
Mji Mpya, Morogoro.

Salaam kutoka kwa mtu usiyemjua. Kadi yako nimeikuta kwenye mfuko wa shati la marehemu mume wangu, Abdulatif Pazi, nilipokuwa napanga nguo zake za kugawa. Imeandikwa: "Stefano, fundi wa pazia za rola. Tunapima, tunakata, tunafunga." Nyuma yake mume wangu ameandika kwa kalamu: "Baada ya mavuno." Mavuno yalipita, naye Mungu akamchukua tarehe 20 ya mwezi uliopita. Kwa hiyo nakuandikia mimi.

Nyumba yetu iko kwenye mwinuko juu ya barabara ya Matombo, ukishapita soko la Mkuyuni. Tulihamia hapa miaka miwili iliyopita kutoka Tanga, mume wangu alipostaafu kazi ya bandari, akajenga kwenye kiwanja cha ukoo wake. Alikuwa na wazimu wa vioo. Alisema amekaa miaka thelathini bila kuuona mlima wao, sasa anataka auone hata akiwa anakunywa chai. Basi akaweka madirisha makubwa ya aluminiamu, mpaka watu wa sokoni wakaiita nyumba yetu duka la magari.

Sasa mimi ndiye niliyebaki ndani ya hilo duka. Asubuhi jua linaingia upande wa barabara, mchana linahamia upande wa mlima, na mimi nahama na kiti changu. Wifi yangu Shadya, dada wa marehemu, ametundika mablanketi kwenye vioo ili wapita njia wasinione, maana nimekaa eda. Blanketi mwezi wa Novemba, fundi! Humu ndani tunapikwa.

Nataka pazia la kuzuia jua na macho ya watu, lakini lisininyime mlima. Kama kitu hicho hakipo duniani, niambie mapema nisikae nikikisubiri.

Simu ninayo, lakini kuzungumza na mwanamume wa nje nikiwa edani naona haya. Barua utampa Mansuri, konda wa basi la asubuhi la Matombo. Huniachia vitu barazani.

Wako,
Mwajuma Stambuli


Mji Mpya, Morogoro,
18 Novemba 2024

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Mzee Pazi namkumbuka. Alikuja hapa mwezi wa tano, amevaa kofia nyeupe, akakaa karibu saa nzima akivuta mnyororo wa pazia la mfano, anapandisha, anashusha, anacheka peke yake. Alipoondoka alisema atarudi na vipimo. Nimesikitika kujua kwa nini hakurudi.

Kitu unachokitaka kipo. Ni kitambaa cha matundu madogo kama ya chekecheke la unga laini. Mchana aliye nje kwenye mwanga haoni ndani, na aliye ndani kwenye kivuli anaona nje. Ila nikuonye mapema: usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe ndiye utakayeonekana. Kitambaa hakijui nani ni mwenye nyumba, kinajua tu nani yuko gizani.

Lakini pazia la rola si la kununua mita tano na kukunja pindo. Kila dirisha linakatiwa lake. Nitakuja mwenyewe Jumamosi na futi yangu, kazi ya kupima haizidi nusu saa.

R. Stefano


Mkuyuni,
22 Novemba 2024

Fundi Stefano,

Marahaba. Ahsante kwa kumkumbuka mume wangu na kofia yake. Sikujua kwamba alikaa kwako saa nzima. Kwangu alisema tu, "Fundi nimempata, hodari, haongei sana."

Lakini tafadhali usije. Wewe ni mwanamume usiye ndugu yangu, na mimi ni mjane niliye edani. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi, itaisha mwishoni mwa Februari. Ukiingia humu hata siku moja kabla, ukoo wa mume wangu utakuwa na la kusema mpaka wajukuu wao. Wifi Shadya ananilinda kama askari wa benki. Jana amemfukuza hata mtu wa kusoma mita ya umeme.

Nifundishe kupima, nipime mwenyewe. Nimeshona sare za shule miaka kumi na minane, futi naijua. Madirisha ni matatu: la upande wa mlima, la upande wa barabara, na la chumba cha kulia.

Usikasirike. Si kwamba sikuamini.

Mwajuma Stambuli


Mji Mpya, Morogoro,
26 Novemba 2024

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Sijakasirika. Tutafanya kama unavyotaka.

Ndani ya bahasha kubwa kuna vipande vitatu vya mfano, kila kimoja mita moja kwa mita moja. Namba moja ni kitambaa cha giza, mgongo wake mweupe. Hakipitishi hata uzi wa jua. Namba mbili ni cha matundu, cheupe. Namba tatu ni cha matundu pia, rangi ya majivu upande wa ndani na cheupe upande unaotazama kioo. Vibandike kimoja kimoja kwenye dirisha la mlima saa saba mchana, kioo kilichobaki kifunike kwa blanketi, rudi nyuma hatua tatu, kaa kwenye kiti chako, kisha uniandikie unachokiona. Usiniandikie kipi kizuri. Niandikie unachokiona. Halafu mtu mmoja atoke nje aangalie kama anakuona wewe.

Umeniambia madirisha matatu. Chumba cha kulala hakina dirisha?

R. Stefano


Mkuyuni,
3 Desemba 2024

Fundi Stefano,

Marahaba. Nimefanya ulivyosema, na nimefurahi kupewa kazi. Baada ya arobaini kila mtu amerudi shambani kwake, mvua ziko karibu, na jirani yangu wa chini huacha ndoo ya maji mlangoni alfajiri akakimbilia mpunga wake. Sasa nina jambo la kufanya saa saba mchana.

Namba moja: sioni kitu. Ni kama kufumba macho. Nafikiri joto lilipungua kweli, kioo kiliacha kunichoma, lakini nilikaa nyuma yake kidogo tu nikakiondoa.

Namba mbili: naona mwanga mwingi kuliko kitu. Mlima umemwagiwa unga. Macho yaliniuma.

Namba tatu: naona mlima. Naona mashamba ya migomba na njia nyekundu inayopanda kwenda kwa ndugu zake mume wangu. Naona moshi wa mtu anayechoma majani kwenye mteremko, na nikamwona hata yeye mwenyewe, mdogo kama tundu la sindano, akiinama na kuinuka. Nilimtazama mpaka alipomaliza kazi yake akaondoka. Sijui kwa nini nililia, lakini nililia. Mume wangu alikuwa anajenga hili dirisha kwa ajili ya kumwona mtu kama yule.

Wifi Shadya alitoka nje akaangalia. Anasema sionekani kabisa, anaona mawingu tu kwenye kioo.

Nataka namba tatu. Chumba cha kulala kina pazia la kutosha, usihangaike nacho.

Na nikuambie jambo jingine. Barua yako niliisoma mara tatu, na vitambaa vilihitaji mara moja tu. Usinielewe vibaya. Nyumba hii haina sauti.

Mwajuma


[Barua hii haikutumwa]

Mji Mpya, Morogoro,
7 Desemba 2024

Bi Mwajuma,

Jina langu ni Rahel. Stefano ni baba yangu, na amefariki miaka mitatu iliyopita. Kadi ni zake, zilibaki maboksi mawili, sikuona sababu ya kuzitupa. Nasaini R. Stefano kwa sababu ndilo jina langu, Rahel Stefano, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza hiyo R ni ya nani.

Mimi ni mwanamke, Bi Mwajuma. Ningeweza kuingia nyumbani kwako mchana kweupe, nikapita mbele ya Wifi Shadya, nikala na chakula chenu. Eda haikatazi mtu kama mimi.

Mteja akiingia dukani huniangalia, kisha huangalia nyuma yangu, kisha huuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nasema ametoka kidogo, waache vipimo, na wakiondoka nakata mwenyewe. Kwa hiyo uliponiita mwanamume sikushtuka, nimeshazoea kuwa mtu aliyetoka kidogo. Kwenye barua yangu ya kwanza nilidhani utajua mlangoni, kama wengine. Lakini mlango wako haukufunguka.

Nilitaka kukuambia ukweli kwenye barua iliyofuata. Ila nilijua nikikuambia utasema njoo, nitakuja, nitapima nusu saa, nitafunga, na hutakuwa tena na sababu ya kuniandikia. Mimi pia barua yako niliisoma zaidi ya mara moja. Chumba changu cha kazi kina meza ya mita nne na kiti kimoja.

Najua hili ni kosa. Wewe umo kwenye joto na mimi


Mji Mpya, Morogoro,
8 Desemba 2024

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Umechagua vizuri. Rangi ya majivu haibishani na macho, na ule mgongo mweupe unarudisha jua nje kabla halijaingia kwenye kitambaa.

Nakutumia futi laini kama ya fundi cherehani, ila hii ni ya mita tatu. Pima upana mara tatu kwa kila dirisha: juu, katikati na chini, uniandikie zote tatu kwa sentimita. Urefu usihangaike nao, kitambaa cha ziada hubaki kimezungushwa kwenye bomba la juu. Ukuta hudanganya, kwa hiyo mimi hukata kwa kufuata namba iliyo ndogo. Kwa lile kubwa la mlima lazima muwe wawili, mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule, muivute mpaka inyooke.

R. Stefano


Mkuyuni,
15 Desemba 2024

Stefano, mdogo wangu,

Nimekuita hivyo kwa kuwa unanipa shikamoo kila barua. Vipimo hivi hapa.

Barabarani: 118, 117, 117 na nusu.
Chumba cha kulia: 96, 96 na nusu, 95.
Mlimani: 241, 241, 241.

Wifi Shadya alishika kushoto, mimi kulia. Mikono imetuuma lakini tumeimaliza.

Mvua imeanza. Inanyesha asubuhi, kisha jua linatoka kali zaidi, na blanketi zimeshika harufu ya ukungu. Juzi nimemkuta mjusi amehamia ndani ya moja. Nimemwacha, na yeye ni mtu.

Naomba nikuulize, kama si adabu usijibu. Una mke? Una watoto? Nimekuwa nikijaribu kukuona usoni, siwezi. Najua mwandiko wako tu, herufi ndogo zilizonyooka, na kwamba hupotezi maneno. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Mume wangu ndiye aliyekuwa mwongeaji, mimi nilikuwa msikilizaji, na sasa nimejaa maneno yasiyo na pa kwenda. Yanakuja kwako, ndiyo malipo ya kuwa fundi wangu.

Mwajuma


Mji Mpya, Morogoro,
4 Januari 2025

Bi Mwajuma,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kuchelewa, kitambaa kilikwama Dar es Salaam wakati wa sikukuu. Krismasi nilikwenda misa ya asubuhi, nikarudi kazini nikasafisha mashine. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Umeniuliza. Sina mke na sitarajii kuwa naye. Watoto sina. Nilizaliwa Kinole, upande wenu huo, nikaja mjini nikiwa mdogo. Nilikuwa na baba, akanifundisha kazi hii, akafariki. Hayo ndiyo yote.

Mansuri anakuletea mapazia matatu, kila moja nimeliandikia jina la dirisha lake. Nimechora namna ya kufunga. Vishikizi viwili vinakaa ndani ya fremu, kwenye ubao wa juu, skrubu mbili kila kimoja, bisibisi inatosha. Bomba la pazia linaingia kwanza upande wa mnyororo, kisha upande wa pili unasukumwa mpaka usikie "tak." Acha kioo wazi nyuma ya pazia ili upepo upite. Chuma cha chini nimekiweka kizito kidogo, maana najua upepo wa mteremko ule.

Natamani ningekuwepo kuona ukilishusha la mlimani.

R. Stefano


Mkuyuni,
12 Januari 2025

Stefano, mdogo wangu,

La barabarani limekaa. La chumba cha kulia limekaa, nimesikia "tak" yako kwa masikio yangu, nikacheka kama mwehu. Mapema leo nimekunywa chai nikiwaangalia watu wakienda sokoni, wao hawanioni. Nilimwona mama mmoja akirekebisha kitenge chake mbele ya kioo changu akidhani kioo kitupu. Ahsante. Hujui umenirudishia nini.

Lakini la mlimani halikuingia. Limezidi. Nimeligeuza kila upande, nimepanda meza, nimeshuka, limegoma. Limelala sakafuni chini ya dirisha na blanketi limerudi mahali pake. Kosa ni langu, wewe umekata nilichokuandikia. Wifi Shadya anasema labda alilegeza mkono wakati tunapima.

Mume wangu alijenga madirisha yote haya kwa ajili ya lile moja, na ndilo lililobaki limefunikwa. Usifikiri nalalamika. Nimechoka tu.

Mwajuma


Mji Mpya, Morogoro,
15 Januari 2025

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Barua hii nimeanza kuiandika mara nyingi.

Hakuna dirisha linalotoa namba moja mara tatu. Nimepima madirisha tangu nina miaka kumi na saba, ya Mazimbu, ya Mzumbe, ya mapadri na ya masheikh, na sijaona mwashi aliyejenga ukuta ulionyooka hivyo. Madirisha yako madogo yalitoa namba tofauti, kama inavyopaswa. La mlimani likatoa 241, 241, 241. Mtu anayeandika hivyo amepima mara moja tu. Na pazia limezidi kwa sababu futi ilining'inia katikati. Futi inayoshikwa na watu wawili haining'inii. Uliipigilia msumari upande mmoja, ukaivuta upande mwingine, mikono ikachoka, ukaandika namba ile ile mara tatu. Kosa la pazia si lako. Namba zile nilizitilia shaka siku ile ile nilipozisoma, nikakata hivyo hivyo, kwa sababu kuuliza kungefanya na mimi niulizwe.

Huna mtu wa kushika upande wa pili, Bi Mwajuma. Nafikiri hujawa naye muda mrefu.

Sasa na mimi nakuambia la kwangu. Naitwa Rahel. Stefano ni marehemu baba yangu, kadi ni yake. Mimi ni mwanamke, nina miaka arobaini na minne. Ulipoandika kwamba mimi ni mwanamume usiye ndugu yako, ningeweza kukusahihisha kwa mstari mmoja. Sikufanya hivyo. Mwanzo ilikuwa mazoea ya kazi, watu hawapendi fundi mwanamke. Baadaye ilikuwa kwa sababu nilipenda barua zako, na niliogopa nikija zitakoma. Nilikuacha kwenye joto miezi miwili ili niwe na mtu wa kuniandikia. Sina namna ya kulipamba hilo.

Ukinipa ruhusa, nitakuja kesho yake. Nitapima, nitakata upya, nitafunga.

Rahel Stefano


Mkuyuni,
20 Januari 2025

Rahel,

Usije.

Mansuri akileta mzigo husimama barazani na kusema kwa sauti, "Fundi anakusalimu, anasema umeme ulikatika, anasema umvumilie." Mume wangu alisema, "Fundi nimempata, hodari." Wote wawili walikuwa wamekuona kwa macho, na hakuna aliyesema uongo hata chembe. Kiswahili chetu kimekuficha vizuri, hakikuhitaji msaada wako. Lakini wewe ulikisaidia. Nilikuuliza una mke, ukaniandikia "sina mke na sitarajii kuwa naye." Nilikuonea huruma, mwanamke wewe! Nilikaa nikifikiri ni ugonjwa gani umekuzuia kuoa.

Wajua nimeandika nini kwenye barua zile? Nilikuwa nachagua kila neno, nikijua nazungumza na mwanamume. Nilirudia kurasa nzima. Nilikuwa naona aibu mbele ya Mungu kwa kuzisubiri barua za mwanamume wa nje, niko edani, kaburi la mume wangu halijaota majani. Nilitubu, Rahel. Nimetubu kwa dhambi ambayo haikuwepo.

Ulisema kitambaa kinajua tu nani yuko gizani. Wewe ndiye uliyekaa huko ukinitazama.

Kuhusu nani yupo na nani hayupo nyumbani kwangu, hayo hayakuhusu.

Dirisha la mlima ni 237 kwa chini, pale nilipoweza kuilaza futi kwenye kizingiti. Kata unavyojua.

Mwajuma Stambuli


Mji Mpya, Morogoro,
10 Februari 2025

Bi Mwajuma,

Shikamoo. Nimelikata 236. Litaingia. Nimelipunguzia uzito wa bomba ili mtu mmoja aweze kulinyanyua, na nimetengeneza kishikizi cha kushoto kiwe na mdomo wazi, ulilaze kwanza upande huo, ushuke mezani, uhamie kulia. Halihitaji mtu wa pili.

Sina la kujitetea. Kila siku basi la Matombo linapoingia stendi natoka nje kumwangalia Mansuri, anatikisa kichwa kutoka mbali ili nisivuke barabara bure. Dukani kwangu nimebandika karatasi mlangoni: "Fundi ni Rahel." Juzi mteja ameisoma akaondoka. Wa pili ameisoma akaingia.

Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, furahia mlima wako.

Rahel


Mkuyuni,
27 Februari 2025

Rahel, mdogo wangu,

Jana nimetoka eda. Walikuja wanawake wa ukoo asubuhi, nikaoga, nikavua nguo nyeupe za eda, ikasomwa dua, tukala pilau, na kufika alasiri kila mtu alikuwa ameondoka kuwahi usafiri. Niliosha sufuria, nikashusha pazia la mlimani, nikakaa. Limeingia, kwa taarifa yako. Nililifunga mwenyewe wiki mbili zilizopita na lilisema "tak," lakini nilikuwa bado na hasira, sikutaka ujue.

Leo nakuambia yangu. Wifi Shadya aliondoka siku ya pili baada ya arobaini. Binti yake alijifungua Kilosa. Tangu hapo sikuwa na mtu. Niliendelea kumwandika kwenye barua kwa sababu mwanamke hamwambii mwanamume asiyemjua kwamba yuko peke yake ndani ya nyumba. Ungekuwa umeniambia wewe ni Rahel, ningekuambia siku ile ile. Ndipo nikaona kwamba uongo wangu na wako umezaliwa na kosa moja, na hasira ikaanza kuniishia. Haijaisha yote. Utaikuta ukija.

Uliniambia mtu atoke nje aangalie kama ninaonekana. Nikakuandikia Wifi Shadya alitoka. Hakutoka mtu, Rahel. Nilikivika kiti nguo yangu nyeupe na mtandio wangu, nikakiweka mbele ya dirisha, nikazunguka nyuma ya nyumba nikichungulia kama mwizi wa kuku, nikasimama pale juani kujitazama. Sikuonekana. Nilipaswa kufurahi kwamba kitambaa ni kizuri. Badala yake niliogopa, nikarudi ndani mbio nikakaa kwenye kile kiti mwenyewe.

Tena kuna jingine. Nyumba hii ina madirisha manne. La nne ni la chumba ninacholala, linatazama magharibi, nalo nilikuficha, kwa sababu sikuona vizuri kumpa mwanamume vipimo vya chumba changu. Blanketi la Wifi Shadya liko pale mpaka leo, na yule mjusi. Kuanzia saa nane hapakaliki, na miezi yote hii nimelala sakafuni sebuleni.

Njoo keshokutwa, Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Nitapika. Mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla hujafika utakula peke yako, mimi nitakaa nikikuangalia, nimechoka kuangalia mwandiko. Barua usiache kuniandikia hata ukishakuja, mimi sitaacha.

Dirisha la nne nimejaribu kulipima leo. Vipimo vyake ni hivi, wewe unajua kuvisoma:

120, 120, 120.

Dada yako,
Mwajuma